Shajara ya ukarabati wa ukumbi wa parokia: kazi inaendelea, milango iko wazi

Ukumbi una urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Dari iko mita 4 juu ya sakafu, na jukwaa limechukua mita 4 za upande mmoja. Kuta ni za matofali yaliyopigwa plasta, paa ni la mabati yenye migongo, sakafu ni ya saruji. Vipimo vimetangulia kwa sababu hesabu zote zinazofuata, za viti, za saruji na za mwangwi, zinavitegemea. Mwenye ukumbi mkubwa au mdogo zaidi abadilishe hesabu kulingana na wake.

Gharama hazikuandikwa kwa fedha, maana bei za mahali pamoja hazimsaidii msomaji wa pengine. Bajeti yote imegawanywa mafungu 100, na kila hatua inaonyesha mafungu yaliyopangwa na yaliyotumika. Vifaa vimeandikwa kwa idadi. Kazi imeandikwa kwa siku-kazi, yaani mtu mmoja kwa siku moja.

Sharti la mradi lilikuwa moja: ukumbi usifungwe. Msiba hausubiri rangi ikauke, na watoto wa mafundisho hawana mahali pengine pa kukaa mvua ikinyesha.

8 Januari: Kuhesabu kabla ya kushika nyundo

Daftari lilifungwa kwa kamba mlangoni kwa wiki 2. Kila kundi liliandika mambo manne: saa ya kuingia, saa ya kutoka, idadi ya watu, na jambo moja lililowasumbua. Kazi hii haikugharimu chochote zaidi ya daftari na kalamu, na ndiyo iliyobadilisha mradi wote.

Kamati ilikuwa na orodha yake tayari: paa, rangi, pazia jipya la jukwaa. Daftari lilileta orodha nyingine. Makundi 14 yaliandika, na 9 kati yake yaliandika jambo lile lile kwa maneno tofauti: hatusikii anayezungumza. Baada ya hapo vikafuata umeme unaokatika maji yakichemshwa, mlango usiopitika kwa kiti cha magurudumu, na viti vinavyochukua karibu saa nzima kupangwa. Pazia la jukwaa halikutajwa na mtu yeyote, likafutwa kwenye orodha.

Daftari lilionyesha pia nafasi za kufanyia kazi. Ukumbi ulikuwa mtupu Jumatatu kutwa, na Jumanne hadi Alhamisi mpaka saa 9 alasiri. Ijumaa hadi Jumapili haukuwa na nafasi kabisa: kwaya, mafundisho, mikutano, arusi. Kila hatua ilipangwa iingie ndani ya nafasi hizo, na kila jioni ukumbi ulitakiwa uwe umefagiwa na unapitika.

15 Januari: Mafungu

Paa 30, umeme 15, milango na njia ya mteremko 10, sakafu 20, sauti 10, stoo na viti 5, akiba 10.

Mpangilio ulitoka juu kwenda chini: paa, umeme, milango, sakafu, halafu sauti. Malalamiko makubwa yalikuwa ya sauti, lakini paneli za kunyonya sauti zikilowa huharibika, kwa hiyo haziwezi kutangulia paa. Makundi yalielezwa sababu hiyo mapema. Wasingeelezwa, miezi mitano ingepita wakidhani daftari lao halikusomwa.

12 Februari: Paa

Maji yalikuwa yakidondoka mahali 6. Kosa la kwanza lilikuwa kutafuta tundu juu ya pale yanapodondokea. Maji huingia juu zaidi, hufuata mbao za kupigilia bati, kisha hudondoka pale mbao ilipo na kiungo au msumari. Tundu moja lilipatikana mita 3 kutoka kwenye doa lake la darini.

Njia iliyofaa ni hii. Mtu mmoja juu akiwa na mpira wa maji, mwingine ndani ya dari akiwa na tochi na chaki. Maji humwagwa kuanzia chini ya paa, dakika 10 kila kipande, kisha hupandishwa hatua kwa hatua. Ukianza juu, maji yanateremka kwenye matundu yote kwa pamoja na hutajua ni lipi linalovuja. Jumatatu mbili zilitosha kwa paa zima.

Visababishi vilikuwa vitatu. Karibu theluthi ya misumari ilipigwa kwenye mabonde ya bati badala ya kwenye migongo, na bondeni ndimo maji yanamopita. Mipira ya chini ya misumari ilikuwa imekauka na kupasuka. Na mwingiliano wa bati la juu juu ya la chini ulikuwa sentimita 8 mahali pengine, ilhali kwa paa la mwinamo huu haifai kuwa chini ya sentimita 15.

Jaribio lililoshindwa: kuziba kwa lami. Viraka 40 vilipakwa, na baada ya wiki 3 za jua zaidi ya nusu vilikuwa vimeachia kwenye kingo. Bati hutanuka. Bati la chuma la mita 6 likipata tofauti ya nyuzi 40 kati ya alfajiri na adhuhuri huongezeka karibu milimita 3, kila siku, na lami iliyokauka haiwezi kufuatana nalo. Zilipotea siku-kazi 4.

Suluhisho lilikuwa kung'oa misumari yote na kuweka skrubu zenye mpira, 1,300 kwa paa zima, zote kwenye migongo. Pale tundu la zamani lilipokuwa mgongoni, skrubu nene ya milimita 6.3 ilishika mbao vizuri. Matundu ya mabondeni yalizibwa kwa vipande vya bati vilivyofungwa kwa ribiti na silikoni. Silikoni ile inayonuka siki isitumike: asidi yake hula zinki, na kutu huanzia chini ya kiraka ambako haionekani. Iliyotumika ni ile isiyo na harufu hiyo.

Jambo jingine ni kubana kupita kiasi. Skrubu ikibanwa mpaka mpira utokeze nje ya washa, mpira huo utapasuka upesi. Iachwe pale mpira unapoanza kujaa sawasawa na ukingo. Mashine ya kufungia iwekwe kwenye nguvu ndogo, na mtu mmoja apite nyuma kukagua.

Kila siku iliguswa robo ya upande mmoja tu na kufungwa kabla ya saa 9. Siku moja mafundi walifungua zaidi ya walivyoweza kufunga, na kwaya ikafanya mazoezi chini ya turubai. Tangu hapo skrubu za siku zilihesabiwa asubuhi, na zikiisha kazi inasimama.

Gharama: mafungu 34 badala ya 30. Yale 4 ya ziada ni kukodi jukwaa la kupandia, ambalo halikuwa kwenye bajeti. Ngazi peke yake haitoshi kwa kazi ya wiki 4 juu ya bati, wala hakuna ukumbi unaostahili mtu aanguke kwa ajili yake.

5 Machi: Umeme

Kila mkutano mkubwa uliishia gizani, na chanzo kilikuwa hesabu rahisi. Mitungi 2 ya kuchemshia maji, kila mmoja wati 3,000. Kwenye volti 230, kila mtungi unavuta ampea 13, jumla 26. Soketi zote za ukumbi zilikuwa kwenye sakiti moja, yaani njia moja ya nyaya, yenye breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampea 20. Breka ya namna hiyo haikatiki papo hapo. Hupata joto kwanza, ndiyo maana umeme ulikatika baada ya dakika kadhaa na watu wakalaumu kipaza sauti kilichowashwa mwisho.

Lilitolewa pendekezo la kuweka breka ya ampea 32, likakataliwa, na sababu iandikwe wazi kwa sababu kumbi nyingi hulifanya kosa hili. Breka inalinda waya uliomo ukutani. Waya wa milimita za mraba 2.5 ulio ndani ya bomba, uliofungwa pamoja na nyaya nyingine, hauwezi kubeba ampea 26 kwa saa nzima bila kupata joto la hatari. Breka kubwa ingeondoa giza na kuleta moto.

Fundi mwenye leseni aliweka sakiti 2 mpya za jikoni, moja kwa kila mtungi, kila moja na breka yake ya ampea 16. Vyombo vya sauti vilipewa sakiti yao. Soketi zote zikawekwa chini ya kinga ya uvujaji wa umeme ya miliampea 30, na kitufe chake cha majaribio hubonyezwa kila tarehe ya kwanza ya mwezi.

Kosa lililojitokeza baadaye: spika za nyuma zilichomekwa kwenye soketi ya karibu yao na mikisa (chombo cha kuchanganyia sauti) kwenye soketi ya jukwaani. Ukatokea mngurumo usiokoma. Vyombo vilivyounganishwa kwa nyaya za sauti vinapochukua umeme na ethi (waya unaoingia ardhini) mahali tofauti, mkondo mdogo hupita kwenye waya wa sauti. Vyote vilipohamishiwa sakiti moja, mngurumo uliisha bila kununua kitu.

Taa zilitenganishwa kwa swichi 3: jukwaa, katikati, nyuma. Wanafunzi 12 wanaojisomea jioni hawahitaji kuwasha ukumbi mzima.

Gharama: mafungu 17 badala ya 15, siku-kazi 9.

26 Machi: Milango na njia ya mteremko

Mlango mkubwa ulikuwa ukifunguka kwa ndani. Watu 140 wakikimbilia mlango wa namna hiyo, wa mbele hubanwa na wa nyuma na mlango haufunguki tena. Uligeuzwa ufunguke nje, na mlango wa pembeni pia. Mambo mawili hujitokeza ukigeuza mlango. Bawaba zinabaki nje, na pini zake zinaweza kuchomolewa na mwizi, kwa hiyo ziwekwe zile ambazo pini haitoki. Pili, mlango unaofunguka juu ya kidato utamwangusha anayetoka. Panahitajika sehemu bapa nje, pana kuliko ubao wa mlango.

Upande wa ndani wa mlango wa pembeni uliwekwa mti wa kusukuma badala ya komeo. Kufuli iliyokuwepo iliondolewa. Ufunguo wake ulikuwa ukikaa kwenye droo ya ofisi, umbali wa mita 60.

Njia ya mteremko ndiyo iliyopangwa mara mbili. Kizingiti kilikuwa na kimo cha sentimita 18. Nafasi ya mbele hadi kwenye mfereji ilikuwa mita 1.2, na fundi alitaka kuijaza zege moja kwa moja. Kabla ya kumwaga, mbao ziliwekwa kwa mwinamo ule ule na wenye viti vya magurudumu wawili wakaombwa kujaribu. Hakuna aliyepanda peke yake, na mmoja magurudumu yake ya mbele yaliinuka. Mwinamo ulikuwa kama 1 kwa 7. Kipimo kinachofaa ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Sentimita 18 zinahitaji mita 2.16.

Njia ikageuzwa ifuate ukuta, ikiishia kwenye sehemu bapa ya mita 1.5 kwa 1.5 mbele ya mlango. Zege lilipigwa ufagio kukatiza njia ili lisiteleze, na ukingo wa sentimita 10 ukajengwa upande ulio wazi. Jaribio la mbao lilichukua nusu saa. Lingerukwa, zege la makosa lingebaki pale kwa miaka 30, na watu wangeendelea kubebwa mikononi kuingia kwenye ukumbi wao.

Gharama: mafungu 9 badala ya 10.

18 Aprili: Sakafu, kosa

Sakafu iligongwa kwa fimbo ya chuma mita kwa mita. Ukanda wa mita 2 kando ya ukuta mmoja, urefu wote wa ukumbi, ulitoa mlio wa uwazi: tabaka la juu lilikuwa limeachana na zege la chini. Ilikuwa mita za mraba 40. Kwa unene wa sentimita 5 na mchanganyiko wa 1 kwa 4, zilihitajika mifuko 15 ya saruji ya kilo 50 na mchanga mita za ujazo 2.1. Ilinunuliwa mifuko 16.

Zege la zamani lilikwaruzwa, likalowanishwa, likapakwa uji wa saruji, kisha tabaka jipya likamwagwa tarehe 30 Machi kabla uji huo haujakauka. Sakafu ilimwagiwa maji na kufunikwa nailoni kwa siku 7. Hadi hapo hakukuwa na tatizo. Ukanda ulizungushiwa viti na kamba, na mikutano ikaendelea kwenye mita 8 zilizobaki.

Tarehe 10 Aprili ilipakwa rangi ya sakafu. Tarehe 18 rangi ilikuwa na malengelenge ukanda mzima.

Makosa yalikuwa mawili yaliyopandana. La kwanza ni haraka: tabaka la saruji hukauka kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku hewa ikiwa nzuri, kwa hiyo sentimita 5 zinahitaji takriban siku 50, nasi tulizipa 11. Sakafu ikionekana nyeupe juu haina maana imekauka ndani. La pili ni niru. Uso ulisuguliwa kwa saruji tupu ili ung'ae, na rangi haishiki kwenye tabaka hilo la unga.

Lita 10 za rangi na siku-kazi 5 zilipotea.

23 Mei: Sakafu, mara ya pili

Rangi ilikwanguliwa na niru ikaondolewa kwa mashine ya kusugua. Vumbi la saruji ni baya kwa mapafu, kwa hiyo barakoa zilivaliwa na kazi ikafanywa Jumatatu tu, madirisha yote wazi, na sakafu ikapigwa deki jioni.

Kisha unyevu ulipimwa kwa nailoni. Vipande vya mita 1 kwa 1 vilibandikwa kwa gundi pande zote nne kwa saa 48, vitatu kwenye ukanda mpya na viwili kwenye sakafu ya zamani. Hivi viwili vya mwisho ndivyo wengi huvisahau, na bila hivyo kipimo hakisemi kitu. Mpya ikilowa na ya zamani ikiwa kavu, maji ni ya saruji yenyewe na dawa yake ni kungoja. Zote zikilowa, maji yanatoka ardhini, na hakuna rangi itakayoyazuia. Tarehe 2 Mei mpya ililowa, ya zamani ilikuwa kavu. Tarehe 21 Mei zote zilikuwa kavu. Rangi ilipakwa mikono miwili, wa kwanza ukiwa mwepesi.

Gharama: mafungu 24 badala ya 20. Akiba ilibaki ndogo, lakini ilitosha.

20 Juni: Sauti

Hapa ndipo daftari lilipotaka tufike. Mzee aliyeketi safu ya tisa asiyesikia anacheka wengine wakicheka, kisha wiki inayofuata haji. Ukumbi usiosikika huwatenga walewale unaowahitaji zaidi.

Puto lilipasuliwa jukwaani na simu ikarekodi. Ukumbi ukiwa mtupu, sauti ilichukua sekunde 3.4 kufifia kabisa. Kwa mazungumzo inatakiwa iwe karibu sekunde 1 watu wakiwemo. Zaidi ya hapo, silabi ya kwanza bado inaelea wakati ya tatu inatamkwa.

Dawa iliyokuwa ikitumika miaka yote ni kuongeza sauti ya spika. Haisaidii, kwa sababu mvumo, yaani sauti inayobaki ikielea ukumbini, nao huongezeka kwa kiasi kile kile. Kinachotakiwa ni vitu vinavyonyonya sauti, na kiasi chake kinahesabika kwa kanuni ya Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard ambaye mwaka 1895 alipewa chumba cha mihadhara kisichosikika, akawa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi jirani na kupima tofauti usiku. Kanuni yenyewe: muda wa mvumo ni 0.161 mara ujazo wa ukumbi, gawanya kwa eneo la unyonyaji.

Ujazo wetu ni 20 × 10 × 4, mita za ujazo 800. Kwa sekunde 3.4, unyonyaji uliopo ni kama mita za mraba 38. Kila mtu aliyeketi huongeza takriban 0.4. Kwa lengo la sekunde 1.6 ukumbi ukiwa mtupu, unatakiwa unyonyaji wa 80, yaani nyongeza ya 42. Watu 80 wakiingia hufika 112, na muda unashuka hadi sekunde 1.15.

Majaribio yaliyoshindwa kwanza. Trei 40 za mayai zilibandikwa ukuta wa nyuma, na kipimo kikashuka hadi 3.3 tu. Karatasi nyembamba hainyonyi sauti ya maneno, na inawaka upesi, hivyo ziliondolewa siku hiyo hiyo. Kisha paneli 8 za mfano zilivishwa kitambaa chenye nailoni kwa sababu kinafutika kirahisi. Zilirudisha sauti kama ukuta. Kipimo cha kitambaa ni pumzi: kiweke mdomoni upulize. Hewa isipopita, sauti nayo haipiti. Kipande kidogo pia kichomwe nje. Kikishika moto na kuendelea kuwaka, kisinunuliwe.

Kabla ya kununua pamba ya mawe (nyuzi za mawe zinazonyonya sauti), magodoro 20 yaliazimwa na kusimamishwa kando ya kuta Jumatatu moja. Kila aliyeingia alisikia tofauti papo hapo, na mjadala wa kamati uliodumu miezi ukaisha kwa dakika 10.

Paneli zilizojengwa ni 64, kila moja sentimita 60 kwa 120, jumla mita za mraba 46. Ndani ni pamba ya mawe ya unene wa sentimita 5, kilo 50 kwa mita ya ujazo. Fremu zilikula mbao mita 250 pamoja na mabaki. Kila paneli imeachiwa sentimita 5 nyuma yake, kati yake na ukuta. Uwazi huo huongeza unyonyaji wa sauti nzito bila gharama. Pamba ikatwe nje, kwa glavu, barakoa na mikono mirefu. Vijana 8 walizimaliza kwa siku 4.

4 Julai: Sauti, marekebisho ya kwaya

Wazungumzaji walisikika. Kwaya ikalalamika, na ilikuwa na haki: paneli 12 ziliwekwa kuta za jukwaani, na waimbaji hawakusikiana tena, kila sauti ikawa inaimba peke yake. Zile 12 zilihamishiwa ukuta wa nyuma. Hapo ndipo zilipotakiwa tangu mwanzo. Sauti inayotoka jukwaani hadi ukuta wa nyuma na kurudi husafiri mita 40, na hiyo ni zaidi ya sekunde 0.11. Sikio huisikia kama neno la pili. Ukuta wa nyuma uliovishwa uliua mwangwi huo, na jukwaa lililoachwa wazi likairudishia kwaya sauti yake.

Spika 2 zilisogezwa mbele ya jukwaa na kuinamishwa ziwaelekee watu, si ukuta. Sauti nzito za chini ya hezi 120 zilipunguzwa kwenye mikisa kwa mazungumzo.

Kipimo cha mwisho: sekunde 1.7 ukumbi mtupu. Gharama: mafungu 9 badala ya 10.

18 Julai: Stoo na viti

Viti 150 vilikuwa vimerundikwa mbele ya mlango wa pembeni, ule wa dharura. Stoo ilikuwepo, ila mlango wake ulikuwa na sentimita 70 na toroli la viti lina 65. Waliokuwa wakijikwaruza vidole waliacha kuitumia. Mlango ulipanuliwa hadi sentimita 90, viti vikapangwa mafungu ya 10, na toroli 2 zikaundwa kwa vyuma chakavu. Kupanga ukumbi kulikochukua dakika 50 sasa kunachukua 20.

Alama ndogo za rangi ziliwekwa chini ya kuta kila sentimita 90. Safu 12 za viti 12, sita kila upande wa njia ya katikati ya mita 1.5, na mita 1 kila ukuta. Jumla ni 144, na pembeni hubaki nafasi ya viti vya magurudumu bila kuziba njia. Idadi inayoruhusiwa na mamlaka ya zimamoto ndiyo inayobandikwa mlangoni, hata ikiwa ndogo kuliko hii.

Gharama: mafungu 4 badala ya 5.

8 Agosti: Daftari la ratiba

Mgongano wa Juni, arusi na mkutano wa wazazi kwa wakati mmoja, ulitokana na kuwepo madaftari mawili, moja la ofisi na moja la mtunza ukumbi. Limebaki moja, ofisini, linaandikwa na katibu pekee. Mtunza ukumbi hupewa nakala ya wiki kila Jumapili baada ya ibada. Kati ya shughuli na shughuli pana nusu saa ya kusafisha.

Msiba una haki ya kwanza. Kundi linaloondolewa hupigiwa simu na katibu mwenyewe, siyo kukuta tangazo mlangoni, na hupewa chumba cha mafundisho siku hiyo. Utaratibu huu ulijadiliwa na makundi yote kabla ya kuandikwa, na tangu uanze hakuna lililokataa kupisha.

Chanjo, uchangiaji damu na mikutano ya wakazi ni bure. Makundi ya parokia hulipia usafi tu. Shughuli binafsi hulipa kamili, na robo ya malipo hayo inawekwa kwa ajili ya paa. Funguo 7 zilikuwa mitaani bila mwenyewe kujulikana. Kitasa kilibadilishwa, zikatolewa 3 zenye namba.

22 Agosti: Baada ya mvua ya kwanza

Mvua ya saa 3 mfululizo. Mahali 5 kati ya 6 ni pakavu. Pa sita, kwenye kofia ya paa (bati linalofunika kilele) upande wa jukwaa, pamedondoka: upepo unasukuma maji chini ya kofia. Kamba za sponji zenye umbo la migongo ya bati zimeagizwa, na paneli 2 zilizo chini yake zimeshushwa kwa muda.

Jumla iliyotumika hadi leo ni mafungu 97. Sponji zitakula nusu fungu. Yanayobaki ni kusafisha vitambaa vya paneli kwa mashine ya kufyonza vumbi kila miezi 6, kukagua skrubu za upande wa jua kabla ya mvua zijazo, na kupima tena mvumo watu 140 wakiwemo, puto likipasuliwa kabla ya mkutano kuanza na watu wakiwa wameambiwa mapema.